Mdomo wa Antrenere Kamaldine

Tangu Kamaldine aanze kufundisha watoto mpira pale Kabambare, hakuna baya alilolitaja likakataa kutokea. Na wala hakuwa akitabiri, maskini. Kwao Kasongo alikaa kwenye mafunzo ya maantrenere, yaani makocha, akaambiwa: kabla mtoto hajagusa mpira, zunguka uwanja, utaje kwa sauti kila kinachoweza kumuumiza, wazazi wasikie.

Basi akazunguka. Akautikisa mlingoti wa goli, akasema, "Huu utaanguka." Kesho yake ukaanguka, tena si kuanguka kwa kawaida: ulibiringika mteremko mzima, ukaingia dukani kwa Iliasi, ukatokea mlango wa nyuma, na mpaka leo Iliasi anaapa kwamba uliondoka na kopo lake la maziwa. Kamaldine akasema shimo la pembeni litavunja mtu mguu. Jioni ile ile likameza pikipiki nzima iliyotoka Salamabila, dereva, abiria na mbuzi. Mbuzi ndiye aliyetoka wa kwanza. Akasema nyuki wa pale kona hawapendi kelele. Nyuki wakathibitisha.

Watu wakaanza kumpisha njia. Ndipo Mama Albertine, mzazi wa golikipa Esther-Divine, akamfuata kwa niaba ya wazazi wote.

"Antrenere, tunakupenda. Lakini ukitaja tena kitu kibaya juu ya watoto yetu, tunawatosha wote kwenye timu yako. Utabakia na filimbi yako."

"Mama Albertine, sisemi ili kitokee. Ninasema ili kisitokee!"

"Na kilitokea ao hakikutokea?"

"Kilitokea, kwa sababu hamukunisikia."

"Tulikusikia muzuri sana. Ndiyo maana tunaogopa."

Kamaldine akachukua filimbi yake. Alirudi nyumbani akajaribu mdomo wake mwenyewe: aliiambia birika ya chai, "Utamwagika," akakaa anaikodolea macho, mpaka akaipiga kiwiko ikamwagika. Hakujua amlaumu nani, kiwiko au mdomo.

Jumamosi ikaja timu kutoka kijiji cha Wamaza, watoto wamebanana juu ya pikipiki, mavumbi mpaka kwenye kope. Kamaldine aliuzunguka uwanja kimya, midomo ameikaza kama mtu aliyeuma ndimu. Wazazi wakafurahi.

Kipindi cha pili, mbingu ya nyuma ya kilima ikawa nyeusi kama sufuria ya kupikia mboga ya sombe. Ikanguruma, mbali kidogo. Kamaldine alijua la kufanya: ukisikia ngurumo, watoto watoke, waingie nyumba imara, kama ile shule ya kando ya uwanja, usingoje mvua. Lakini huku radi hutumwa na wachawi, ndivyo watu wanavyosema, na wa kwanza kuitaja huulizwa ameitoa wapi. Akamtazama Esther-Divine, amening'inia kwenye goli jipya la chuma, anacheka. Akamtazama Mama Albertine. Mama Albertine akaweka kidole mdomoni.

Ikanguruma tena, karibu zaidi. Kamaldine akapuliza filimbi.

"Wote shuleni! Kimbieni!"

"Kwa nini?" akafoka Musafiri, antrenere wa Wamaza. "Tuko tunawafunga!"

"Sema kwa nini!" naye Mama Albertine akapaza sauti.

"Sijui!"

"Hujui, na unasimamisha match?" akauliza Musafiri.

Hakuna mtoto aliyesogea. Nani atakimbia "sijui"? Esther-Divine bado amekumbatia chuma.

"Radi!" Kamaldine akapasua koo. "Radi inakuja hapa, kwenye ile goli!"

Uwanja ulikauka watu kabla mate yake hayajafika chini. Musafiri aliwapita watoto wake, akawapita na kuku.

Wakajazana ndani ya darasa la matofali. Mvua ikashuka, ngurumo zikazunguka kilima zikinung'unika, kisha wingu likajiondokea. Goli limesimama vilevile.

"Haikupiga," akasema Mama Albertine.

"Haikupiga!" Kamaldine nusura aruke. "Munaona? Mudomo yangu ni ya kawaida!"

"Kumbe unajua na kuifukuza," akasema Iliasi, kwa heshima.

"Kufukuza nini?" Musafiri akadakia. "Hakukuwa radi. Ametuiba match!"

Darasa likagawanyika, kelele zikapita zile za mvua. Mama Albertine akawanyamazisha.

"Antrenere, sema kweli. Uliifukuza, ao haikukuwa inakuja?"

Kamaldine alifikiri mpaka paji likamuuma. Hakuifukuza. Na kwamba haikuwa inakuja, nani aape?

"Mama, sijui," akasema. "Kusudi nijue, ingelazimu nimuache Esther-Divine pale kwenye chuma."

 Mama Albertine akamvuta bintiye, akampakata, ingawa miguu ya mtoto ilifika sakafuni na kuzidi. 

"Kesho," akasema mwishowe, "zunguka tereni ya mpira. Taja yote, usiache hata moja. Lakini taja polepole, kwa sauti ya chini, vile vitu visisikie."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Kamaldine naye akaitikia, hata kama hakuelewa: wamemrudishia watoto kama antrenere, au wamemwajiri kama mganga?