Fundo la Ka-ling

Sebuleni kwa Mzee Beng, ghorofa ya tatu, nyuma ya soko la samaki la Tainan, kulikuwa na mti. Si mti wa plastiki kama ule wa kwa daktari wa meno, bali gogo zima la mlongani, mti wa matunda, alioupanda babu yake. Barabara ilipopanuliwa ikaumeza ua wa wazee, Beng aliukata mti kabla tingatinga halijaufikia, akaupandisha ngazi kwa kamba na matusi, akausimamisha ndani ya pipa la saruji huku ncha yake ikigusa dari. Mti ulikuwa umekufa zamani, lakini kwa wingi wa watoto hakuna jirani aliyeufikia. Okidi zilijaa kila tawi, zimekaa bila udongo, mizizi yao minene imelikumbatia gome kama mtoto aliyegoma kushuka mgongoni.

"Beng," majirani walimtania, "sisi tumeweka televisheni sebuleni, wewe umeweka msitu."

"Msitu haunionyeshi sura zenu," aliwajibu.

Alikuwa fundi wa skuta, vidole vyake vyeusi kwa grisi hata siku ya sikukuu, ila akishika okidi ungedhani anamvisha kichanga kofia. Kazi yenyewe si ngumu. Unalaza mche kwenye gome, unatandika kuvumwani, yale majani laini ya miambani, lililolowekwa maji, unafunga. Kamba ya katani itaukata mche na waya utauua, kwa hiyo kifungio kizuri ni kipande cha stokingi iliyochanika, kwa sababu kinavutika. Halafu unapulizia maji kila asubuhi, unangoja. Mizizi ikishalishika gome yenyewe, unakata kifungio. "Kifungio ni mkunga," Beng alipenda kusema. "Mkunga halei."

Stokingi zilitoka kwa binti yake wa pekee, Ka-ling, aliyekaa kaunta ya malalamiko benki.

"Baba, hii ilikuwa mpya. Nimekwaruzwa na kiti asubuhi hii hii."

"Lete."

"Hata hujanipa pole, mkono umeshanyoosha. Watu wakiingia humu waone soksi zangu zimening'inia mtini, watasema nini?"

"Watasema Mzee Beng hatimaye kapata wachumba wa kumwozesha bintiye, wamekimbia hata soksi wameziacha."

"Mama, msikie mumeo."

Mama yake, Siok-khim, alikuwa jikoni akitoa miiba kwenye samaki. "Nimemsikia miaka yote hii," alisema. "Wewe una bahati, utaolewa uondoke."

Jioni ile Ka-ling alitaka kufunga mwenyewe. Alichagua mche mdogo wa maua meupe, na mahali akachagua mwenyewe pia, upande wa mti unaotazama meza ya wazee, pale vilipopangwa vibao vya majina ya waliotangulia na vijiti vya udi vikifuka asubuhi na jioni. "Awaone wazee, wazee wamwone," alisema. Akafunga fundo lake, lenye masikio mawili kama ya sungura, moja limepita chini ya jingine, ncha zikafichwa ndani. Alilifunga hivyo tangu utotoni kwenye kamba za viatu, na hakuna aliyejua kalitoa wapi.

"Usiliguse, Baba. Lina siri."

Mvua za mwezi wa tano zilikuwa zimeanza. Wiki ile ile, kwenye mzunguko karibu na benki, lori liliteleza. Beng, aliyetumia maisha yake kunyoosha skuta za watu, aliletewa skuta ya bintiye ikiwa nzima kabisa, kioo kimoja tu ndicho kilichovunjika. Aliizunguka mara kadhaa akitafuta cha kutengeneza. Hakukuwa na cha kutengeneza.

Basi msiba ukaisha, ukabaki wa pili, ule usioisha. Msichana aliyekufa kabla ya kuolewa hana kiti kwenye meza ya baba yake. Kibao chake kikiwekwa pale, watu husema, kitawaletea balaa watoto wa kiume wa ukoo. Kaka Kiat, mkubwa wa Beng, alilisema waziwazi akiwa bado na kitambaa cha maombolezo mkononi.

"Binti hana tawi kwao. Tawi lake liko kwa mumewe."

"Hakuwa na mume," Siok-khim alisema.

"Ndiyo nasema, shemeji."

Kibao cha Ka-ling kikapelekwa nje ya mji, kwenye hekalu la wasichana, kikae na wengine wasio na pa kukaa. Asiyekuwapo na lake halipo. Siku ya kurudi kutoka huko Siok-khim hakuvua viatu. Alisimama katikati ya sebule akamwuliza mumewe, "Baba Ka-ling, mwanangu anarudi lini nyumbani?"

Mtu wa mizaha akikosa jibu hushika mzaha ulio karibu. Beng alionyesha ule mche mdogo. "Siku huyu akiushika mti wa wazee, na yeye nitamleta."

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mkewe alilichukua neno lile kama lilivyo, akavua viatu, akaenda kujaza chupa ya kupulizia.

Tangu siku hiyo alipulizia kila asubuhi kabla hajanywa chai.

"Mama Ka-ling, hiyo ni mvua au gharika?"

"Wewe kunywa chai yako."

"Nauliza tu, nijue kama nitengeneze skuta au mtumbwi."

Wakati mwingine alicheka, wakati mwingine hakucheka. Mche ulitoa jani jipya, kisha jingine. Baada ya mwaka mpya mizizi ilichomoza chini ya stokingi, ya rangi ya fedha, ncha zake kijani kama zimechovywa rangi, ikatambaa juu ya kitambaa, ikazunguka nyuma ya gogo. Beng aliitazama kwa karibu.

"Imeshika," alisema.

"Bado," Siok-khim alisema haraka mno.

"Fundi hapa nani?"

"Fundi wa skuta."

Kila alipochukua wembe, mkewe alisema bado. Ngoja joto. Ngoja jani likomae. Beng alidhani anaelewa. Ile ilikuwa soksi ya mwanawe, na fundo lile ni mkono wa mwanawe, nani angekuwa na haraka ya kulikata? Alidhani mkewe ameganda kwenye huzuni na kwamba safari hii ni zamu yake mume kuwa na ujasiri. Asubuhi moja Siok-khim alipokwenda sokoni kununua samaki wa mwatiko wa kupikia uji wa mchele, Beng alimpigia simu Kaka Kiat.

"Kaka, namleta Ka-ling nyumbani."

"Umekunywa?"

"Chai."

"Meza ile si yako peke yako, Beng. Wanangu wakipatwa na balaa, nimlaumu nani?"

"Mlaumu Ka-ling. Amezoea, alikuwa kaunta ya malalamiko."

"Mimi na wanangu hatutakanyaga tena kwako. Sikukuu wala msiba."

"Basi viatu vyenu vitadumu, Kaka."

Alikata simu. Alijiona mrefu. Alitaka mkewe aingie na samaki wake akute kifungio kimeondoka, mche umesimama wenyewe mtini, na mumewe ameshavaa shati la kutokea. Akachukua wembe, akaupitisha palepale kwenye fundo.

Mche ukamwangukia mkononi.

Ulianguka mzima, na kuvumwani lake na mizizi yake yote, mwepesi kama ndege aliyekufa. Beng aliugeuza. Mizizi ilikuwa imejisuka ndani ya stokingi, imeingia na kutoka kwenye vitundu vya nailoni, imeikumbatia kwa nguvu zote. Gome haukuligusa hata mmoja. Ile iliyozunguka nyuma ilikuwa inaelea tu. Alipitisha kidole pale mahali pa mche. Kidole kilirudi cheusi, kinateleza. Alikinusa. Haikuwa grisi ya kwake, ilikuwa udi. Miaka yote ile moshi wa meza ya wazee ulikuwa ukilipaka gome upande ule lami nyembamba, na hakuna mzizi duniani unaoshika lami. Fundi mzima alimwacha mtoto achague pale, akasimama kando akichekacheka.

Siok-khim alimkuta ameketi sakafuni, mche mapajani. Aliweka kikapu chini taratibu.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba haijashika. Nimekuwa nikipitisha kucha chini yake tangu mizizi ilipochomoza. Ndiyo maana nikakuambia bado."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungesema basi, mti umemkataa. Ungefurahi kupata kisingizio." Alimtazama bila hasira, na hilo ndilo lililomwumiza. "Baba Ka-ling, la mwanao uliliachia ua likuamulie."

Alitaka kumwambia habari ya simu, kwamba alikuwa ameshaamua kabla ya kukata, ila ilisikika kichwani kama udhuru wa mteja anayedai skuta ilikufa yenyewe. Aliinuka. "Vaa," alisema. "Tunakwenda kumchukua. Na ua na lisishike."

Mlinzi wa hekalu la wasichana, Bibi Tho, alikuwa mwanamke mfupi wa maneno makali, anayewaita wale waliomo vibaoni "wanangu".

"Mwaka mzima hamjaja ila na matunda," alisema. "Leo mnakuja na mfuko. Mwenyewe mmemwuliza?"

Akampa Beng vipande viwili vya mti vya kuulizia marehemu, vya umbo la mwezi mchanga, bapa upande mmoja, nundu upande wa pili. Ukivitupa, kimoja kikalala chali, bapa juu, na kimoja kikainama, jibu ni ndiyo, na kuhamisha kibao kunataka ndiyo tatu mfululizo. Vyote vikiinama, hapana. Vyote vikilala chali, unachekwa.

Beng alipiga magoti. "Ka-ling, Baba amekuja. Twende nyumbani." Akatupa. Vyote chali.

"Anakucheka," Bibi Tho alisema.

"Ndivyo alivyo." Akatupa tena. Chali. Safari hii hata yeye alitabasamu, machozi yamemjaa. "Acha utani, mwanangu. Nimeshagombana na baba yako mkubwa kwa ajili yako." Akatupa.

Vyote viliinama.

Alivinyakua atupe tena, Bibi Tho akamshika mkono. "Utamwuliza mpaka lini? Keshajibu."

Siok-khim alivichukua vile vipande kutoka kwenye vidole vyake, kimoja kimoja, akapiga magoti. Aliuliza kimoyomoyo. Ndiyo. Akatupa tena, ndiyo. Tena, ndiyo. Alivirudisha kwa mikono miwili, akamshukuru Bibi Tho, akaukunja mfuko mtupu ukawa mdogo wa kuingia mkobani.

Walikuwa wamefika nusu ya njia, yeye nyuma ya skuta amemshika mumewe kiunoni, Beng alipopunguza mwendo.

"Ulimwuliza nini?"

"Kama amezoea kule."

Beng alirudisha macho barabarani.

"Ameshashika kule, Baba Ka-ling," alisema mgongoni mwake. "Tumechelewa tu."

Nyumbani mche ulikuwa kwenye beseni, bado mbichi. Siok-khim alichagua upande wa dirishani, mbali na moshi, akaushikilia pale kwa viganja viwili. "Funga," alisema. "Kwa ile ile. Na kwa fundo lile lile."

Beng alizishika ncha za stokingi, iliyobaki ikiwa bado imesukwa na mizizi. Ilikuwa imekatwa, na fundo lilikuwa limepasuka katikati, sikio moja huku, jingine huku.

"Ungelifungua tu," Siok-khim alisema. "Kukata ulikatia nini?"

Alitafuta mzaha, hakuupata. Aliketi chini ya mti wa babu yake, akaanza kukunja masikio kwa vidole vyake vinene. Fundo lilifunguka. Akarudia, likafunguka.

"Sivyo," mkewe alisema, mikono bado imeushikilia mche. "Hilo la kushoto lilikuwa linapita chini kwanza."

"Chini ya nini?"

Siok-khim alifungua kinywa amwambie. Akakaa hivyo, kinywa wazi, anakitazama kile kitambaa, anatafuta kichwani.