Kuku Aliyesimama Kwenye "Halafu"

Usiku wa jana niliota ndoo ya chokaa imekaa kwenye kiti changu, kile ambacho hata wageni hawakikalii, ikinisubiri.

"Tunaanza saa ngapi?" ikauliza.

"Alfajiri," nikajibu. "Ukuta wote."

Nieleze kidogo. Idd imekaribia, na kwetu Idd haiingii kwenye nyumba yenye ukuta mchafu. Mama mkwe anakuja, na macho yake hukagua kuta kabla hayajanifikia mimi. Sasa binti yangu Mishi, wa darasa la kwanza, tangu ajue kuunganisha herufi amekuwa akiandika hadithi kwa mkaa kwenye ukuta wa sebule, kutoka mlangoni mpaka dirishani. Jana jioni nilimfokea. Akaweka mkaa chini, akaenda kulala bila kula. Niliumia, lakini ukuta ni ukuta.

Basi, katika ndoto, kuku aliyechorwa pembeni ya hadithi anashuka ukutani. Ana mguu mmoja, maana Mishi alikuwa anaanza mguu wa pili ndipo mimi nikaingia.

"Shikamoo, Baba Mishi."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Naenda kwa bibi yangu, ng'ambo ya mto. Nisomee nifike, kabla huyu hajaanza kazi." Anaionyesha ndoo kwa mdomo.

"Na akianza?"

"Nitakuwa sikufika," anasema kuku.

Namwambia sina miwani. Anasema mwalimu wa Mishi hufundisha kusoma kwa kidole, na kidole ninacho.

Naweka kidole ukutani. Nasoma "njia", na njia inatokea kati ya viti, na vumbi lake. Nasoma "shamba la mahindi", na mahindi yanaota kwenye zulia. Sebule haipo tena. Limebaki kochi tu, limesimama katikati ya shamba bila aibu. Kuku anarukaruka mbele yangu. Na mimi naanza kufurahia, kwa sababu siku hizi nikisoma kitu huwa ni tangazo la msiba.

Lakini subira sina. Nakuta mstari mmoja una mwandiko mbovu, nauruka.

Mara tuko mtoni. Maji ni mengi, ya matope, yanakwenda kasi.

"Daraja liko wapi?" nauliza.

"Lilikuwa kwenye mstari ulioruka," anasema kuku, wala hajakasirika.

Narudi mbio kuutafuta. Ndoo imeshafika. Imejimwaga yenyewe, na mstari ni mweupe pe.

"Alfajiri bado!" nafoka.

"Nimewahi," inasema ndoo. "Si ulisema ukuta wote?"

Sina la kufanya. Napandisha kikoi, namweka kuku begani, naingia majini. Katikati ya mto maji yanakwisha. Hayakauki, yanakwisha tu. Mbele yangu kuna neno moja la mkaa limesimama hewani, "halafu". Baada ya hapo hakuna kitu, hata giza hakuna. Nyuma yangu chokaa inakuja taratibu. Imekula mahindi, imekula njia, sasa inamalizia kochi.

Kuku anatetemeka begani. "Soma basi," ananinong'oneza.

"Hapa ndipo alipoishia nilipomfokea. Hakuna cha kusoma."

Ndipo namwona Mishi. Amekaa ng'ambo, kwenye weupe, na gauni lake la kulalia, mkaa mkononi.

"Mishi, andika!" napiga kelele. "Andika daraja! Andika jiwe! Andika chochote!"

"Ukinifokea, Baba, sijui kinachofuata."

Chokaa imefika kiunoni, ya baridi kweli. Nikaanza kulia. Mtu mzima mimi, na ndevu zangu, nikamlilia kuku wa mkaa kama ndugu yangu wa damu. Nikashusha sauti.

"Halafu ikawaje, mwanangu?"

Mishi akainama, akaanza kuandika. Sikupata kuona alichoandika. Adhana ikaniamsha.

Mke wangu alikuwa ameketi kitandani, anatazama miguu yangu. Kikoi kilikuwa kimelowa mpaka magotini, na katikati ya vidole mlikuwa na tope.

"Baba Mishi," akasema polepole, "kwa umri huo?"

Nilimwacha aamini anachoamini.

Nikaenda sebuleni. Mishi alikuwa ametangulia, amesimama kuukinga ukuta kwa mgongo wake mdogo, macho kwenye ndoo. Ndoo ilikuwa sakafuni, kimya, inajifanya haijui kitu. Nikakaa chini, kwenye sakafu yenye baridi, nikawa mfupi kuliko yeye.

"Kuku alifika mtoni," nikasema. "Halafu ikawaje?"

Akanitazama kwanza, kuhakikisha simtanii.

"Halafu akaja mtu mmoja amevaa kikoi, akambeba begani." Akasita. "Lakini, Baba, huyo mtu alikuwa analia sana. Nimwandike analia, au nimfichie?"

"Mwandike," nikamwambia. "Analia hivyo hivyo."