Damu Iliyonyamazishwa

Kinyozi hakukubali kamwe kuingia kwa daktari akichechemea. Alilelewa kuamini kwamba mgonjwa anayejiheshimu huoga, hupiga pasi shati lake na kusimama wima. Kwa hiyo kila siku ya kliniki alimeza vidonge vya steroidi, dawa ya kuzima uvimbe, alivyonunua bila cheti cha daktari. Vidole vilivyokakamaa vikalegea, akawapa wauguzi mkono. Baadaye akavimeza kila asubuhi, maana bila hivyo mkasi ulimponyoka.

Baridi yabisi ilikuwa ikimla viungo. Tumaini lake lilibaki moja: sindano mpya, ambazo hospitali iliwapa wale tu ambao damu yao ilionyesha viashiria vya uvimbe vilivyopanda.

"Vyako vimetulia," daktari alisema. "Kwa utaratibu wetu, sindano hupati. Lakini homoni ile inayotoka kwenye tezi zilizo juu ya figo karibu haipo mwilini mwako. Mzee, unameza nini?"

"Chai tu, daktari."

Mkewe, aliyeketi kando yake, akaguna. "Chai gani inayokuvimbisha mashavu kama mpiga tarumbeta?"

"Mama watoto, usinivue nguo mbele za watu."

"Nikufunike mpaka lini? Mficha maradhi..." Akashindwa kuimaliza methali.

Kinyozi akainamisha kichwa, akakiri yote. Kisha akakiinua ghafla. "Basi naviacha leo! Uvimbe utapanda, mtanipa sindano."

"Ukiviacha ghafla utakufa. Mwili wako umesahau kujitengenezea homoni hiyo. Tutavipunguza polepole, kwa miezi. Uvimbe utarudi wenyewe, na hapo nitakuombea sindano."

"Na vidole je?"

"Vingine vitapinda kabla ya hapo. Havitanyooka tena."

"Si vya mkono wa kulia, daktari. Nakusihi. Sina kazi nyingine."

Daktari alivua miwani, akaifuta, kisha akaandika ratiba ya kupunguza vidonge.

Kinyozi na mkewe waliporudi dukani walimkuta mteja wa siku nyingi amekwisha kukaa kitini.

"Fundi! Nilidhani umetukimbia. Fanya haraka, nina safari."

Kinyozi alimfunga kitambaa shingoni, akashika mkasi. Vidole bado vilitii. Akaanza kukata taratibu mno, unywele kwa unywele.

"Unanyoa au unapalilia?" mteja alinung'unika.

"Vumilia, ndugu yangu," alisema kinyozi, na hakuharakisha, kwa kuwa hakujua ni kichwa gani kingekuwa cha mwisho.