Mushale Inatembea Peke Yake

Kila muntu hapa mutaa wetu wa Kenya anajua: miye Godefroid sipendi kuharakishwa. Mashini ya satelite, ile ya kuonyesha batô njia kwenye maji, haiko redio, eti unafungua tu na inaimba. Unapanga ekra, vile vioo vya kuonyesha, moja moja: ya ramani, ya dira, ya mwendo. Kiisha unaitoa inje, ione mbingu. Ndani ya atelie yangu, chini ya mabati, haioni kitu.

Sasa Mama Josée, mwenye kuuza samaki wa kukauka kule Kampemba, akaingia mbio mbio. Vita ilikuwa inakaribia Uvira, na mutoto wake Graciella alikuwa kule na nyanya yake. Kapya, kapiteni wa batô, alikuwa anangojea hii mashini Kalemie ili aende kubatoa. Ndege ya kuipeleka kule ilibakiza saa moja.

Nikaweka programu ya mazoezi, ile yenye kutembeza mushale ya batô kwenye ekra hata kama mashini iko juu ya meza, ili aone inatumika. Mama Josée akapiga makofi, akabeba mashini, akaenda. Mujinga miye! Nilisahau kuondoa mazoezi juu nilikuwa nafurahia makofi. Hiyo hasira hainitoki mupaka leo.

Siku ya tatu, saa tano ya asubui, akarudi na simu, anaongea na Kapya, anacheka. Kwenda, Kapya alifuata pwani kwa macho. Sasa benye bunduki balishika pwani, njo maana batô ilitoka Uvira alfajiri, ikapita katikati ya ziwa, ndani ya mvua na ukungu, na Kapya anafuata mashini tu. Mushale inaenda muzuri, akasema Mama Josée, inakaribia Kalemie.

Kalemie? Ile motere ya batô inamaliza siku muzima kufika kule! Nikamunyang'anya simu. Nilitaka kutukana kila muntu, Kapya, yeye, mabati yangu, lakini kosa ilikuwa yangu.

"Kapya, hiyo mushale ni ya bongo, ni uongo mutupu. Ni miye nilisahau. Mupe simu mwenye kujua kusoma."

Ni Graciella akashika. Nikamuonyesha njia: abonyeze menyu, atafute sistemi, ashuke mupaka kwa mazoezi. Akasema imeandikwa ndiyo. Nikamuambia aweke hapana, kiisha angoje mashini itafute satelite.

Mama Josée aliacha kucheka. Akanishika shati kwenye kifua. Sikumuambia aniachilie, nilistahili hata makofi ya uso. Kwenye simu tulisikia mvua na motere, na bibi mumoja anaomba Mungu.

Graciella akarudi, anaongea polepole sana.

"Papa Godefroid, mushale imeruka. Tulizunguka tu, tuko pembeni ya Uvira."

Kiisha motere ikanyamaza. Kapya aliizima, ili bale benye bunduki ba pwani basibasikie.