Mlinzi Aliyemeza Sauti ya Baba

Mzee Kitwana alikuwa dalali wa mnada wa samaki pale Bagamoyo, na waliomjua kwa sauti walikuwa wengi kuliko waliomjua kwa sura. Alipopatwa na saratani ya koo, madaktari wa Dar es Salaam walimwambia wazi kwamba uhai atabaki nao, lakini sauti itakwenda.

Kabla ya upasuaji, binti yake Naila alimkalisha chumbani, akaegemeza magodoro ukutani kuzuia kelele za pikipiki, akamrekodi akitamka maneno: majina ya watu, vyakula, siku za wiki, salamu, na matusi madogo madogo ya sokoni ambayo mzee alisisitiza yasiachwe. Farhan, kaka yake Naila anayefanya kazi Maskati, akatengeneza programu ya kompyuta kwa maneno hayo. Mzee akiandika sentensi, kompyuta inaunga maneno na kuyasema kwa sauti yake mwenyewe.

Programu haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kwenye kompyuta. Ilikuwa mtumba wa Kariakoo, iliyotumiwa zamani na kampuni ya kutoa mizigo bandarini ambayo ilikwisha kufungwa, na ndani yake kulibaki programu ya ulinzi iitwayo Ngao. Ukitaka kuiondoa Ngao, inadai neno la siri la msimamizi. Msimamizi hakuna ajuaye aliko. Muuzaji naye alikuwa hapokei tena simu.

Ngao haikuipenda kabisa kazi ya Farhan. Kwa kuwa haikutoka kampuni yoyote inayojulikana, iliihesabu kuwa kirusi. Siku moja mzee alikuwa mlangoni akigombana na muuza maziwa, kompyuta ameiweka juu ya kiti. "Maziwa yako ya jana yalikuwa," ikasema sauti ya mzee, kisha kimya. Dirisha jekundu likatokea: *Tishio limegunduliwa na kuwekwa karantini.* Muuza maziwa akabaki anasubiri. Mzee akapiga kiti kofi.

"Yalikuwa yameganda," Naila akasema kutoka ndani, maana alijua.

Tangu hapo maisha ya nyumba ile yakawa ya wasiwasi. Naila akiwa kazini alikuwa akitazama simu yake kila mara, asije akawa baba amenyamazishwa tena. Farhan alituma programu upya, Ngao ikaila. Akaibadilisha jina, ikaila. Fundi mmoja alisema dawa ni kufuta kila kitu na kuanza upya, lakini aachiwe mashine wiki nzima. Mzee akaandika, na kompyuta, iliyokuwa na hali nzuri siku hiyo, ikasema: "Sikai bubu wiki nzima wakati mwanangu anaolewa."

Hatimaye wakagundua jambo moja. Ngao ikikosa mtandao, hulala. Basi Farhan akatuma programu tena, na ilipofika tu Naila akakata mtandao. Mzee akaongea siku kadhaa bila kukatizwa, hata Naila akachoka kumsikiliza.

Sheikh Shuaibu alipokuja kupanga mambo ya ndoa, alimshauri mzee amwachie yeye aozeshe kwa niaba yake. Mzee akatikisa kichwa, akaandika.

"Nitamuoza mwenyewe," sauti ikasema.

Sheikh akainama kuikagua kompyuta. "Haya. Lakini mashine ikishasema, nawe uthibitishe kwa ishara mbele ya mashahidi. Mimi siozeshi kwa mashine."

Siku ya ndoa wanaume walikaa uani chini ya turubai baada ya swala ya Alasiri. Naila alikuwa chumbani na wanawake, rangi ya piko mikononi haijakauka vizuri, amekatazwa kugusa chochote. Shangazi yake, Bi Mwanaharusi, ndiye aliyekuwa akisimamia kila kitu, pamoja na vile asivyovijua.

"Kaka yako Farhan anataka kuona ndoa huko aliko," akasema. "Simu yangu haina bando. Nimefungua mtandao wa simu yako, nikaunganisha yangu."

"Umefungua wa simu yangu?"

"Si ndio wenye bando?"

Naila akasimama. Kompyuta ya baba iliukumbuka mtandao wa simu ile. Ikiukuta, huingia yenyewe bila kubisha hodi. Akamwambia shangazi azime haraka. Bi Mwanaharusi akatafuta miwani, akaikuta kichwani, akaanza kubonyeza.

Kabla hajafika popote, mlango ukafunguliwa. Mzee Kitwana aliingia na kanzu yake mpya, kompyuta kifuani kama aliyebeba mtoto mwenye homa. Wanawake wakavuta mitandio yao. Bi Mwanaharusi akapiga ukelele: "Kaka, huku kuna wanawake!" Mzee hakumjali. Akaigeuza kompyuta kumwelekea Naila. Dirisha jekundu lilikuwa limejaa skrini nzima.

Naila akasahau piko. Akakaa kitandani na bangili zake zote, akaanza kuchapa. Akajaribu kuirudisha programu kutoka karantini. Neno la siri la msimamizi. Akampigia Farhan, ambaye alikuwa amevaa kanzu peke yake chumbani huko Maskati, akisubiri kuona ndoa.

"Natuma sasa hivi," Farhan akasema.

Faili likafika, likameremeta, likatoweka. Akalituma tena ndani ya faili lililofungwa. Naila akaitoa kompyuta mtandaoni, akalifungua, jina likaonekana, akabonyeza, sauti ya baba ikasema "Bis," na haikuendelea; Ngao iliyokwisha kuamka haikulala upesi.

"Zima uwashe," Farhan akasema. "Mara nyingine ikiwaka huchelewa kuamka. Tutaiwahi."

Naila akazima, akawasha. Skrini ikawa ya buluu, na maandishi meupe: *Masasisho yanaendelea. Usizime kompyuta yako.* Kiduara kikaanza kuzunguka. Asilimia nne.

Chumba kizima kilikitazama kiduara kile. Mzee alikuwa akitembea toka mlangoni hadi dirishani na kurudi. Jasho lilimtoka Naila chini ya wanja. Asilimia saba. Ikarudi sita.

"Inarudi nyuma!" Bi Mwanaharusi akasema. "Kitu gani hiki kinarudi nyuma?"

"Shangazi, tafadhali."

Nje mtu akagonga. Sheikh anauliza kama mzee yuko tayari, maana Magharibi inakaribia na wageni wa Mkange wana safari ya kurudi. Naila akamtazama baba yake.

"Baba, sheikh atakuwakilisha. Hakuna atakayesema kitu. Mimi sitajisikia vibaya."

Alikuwa anadanganya, na mzee alijua. Akamwekea mkono begani, akaifunika kompyuta na kiduara chake, akaiacha kitandani, akatoka.

Naila akaenda dirishani, akasogeza pazia kidogo. Alimwona baba akikaa mbele ya Mahmoud, mchumba wake, mwalimu wa Kerege, ambaye kofia ilikuwa imemlegea kwa kuishikashika. Baba akamshika mkono wa kulia. Sheikh akainama kumwambia kitu. Baba akatikisa kichwa kukataa, akajielekezea kidole kinywani.

Kisha midomo yake ikaanza kusema.

Hakuna sauti iliyotoka. Mtoto aliyekuwa akilia akazibwa mdomo. Sheikh Shuaibu alikuwa amesogea mpaka uso wake ukakaribia kugusa wa mzee.

"Ngoja kidogo, Mzee Kitwana," akasema. "Mashahidi, njooni huku. Karibu zaidi. Mtazameni mdomo. Rudia."

Mzee akarudia, polepole, neno moja moja, akimwelekezea Mahmoud kidole kifuani na kukielekeza kwenye chumba cha Naila. Sheikh alikuwa akiyasoma maneno kwa sauti kadiri yanavyotoka: "Nimekuoza... binti yangu... Naila... kwa mahari tuliyoafikiana. Ndivyo?" Mzee akaitika kwa kichwa. Mashahidi wakasema wameona na wameelewa.

"Nimekubali kumuoa," Mahmoud akasema, kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama anayeongea na mtu aliye ng'ambo ya mto.

Vigelegele vikapasuka nyuma ya Naila. Yeye alibaki dirishani. Midomo ya baba ilikuwa bado inasema. Sheikh alikwisha kuanza dua, watu wameinua mikono, na baba alikuwa bado amemshika Mahmoud, akimwambia jambo refu ambalo hakuna aliyekuwa akilisoma.

Alilia, na Bi Mwanaharusi akamkumbatia akidhani ni furaha. Ilikuwa furaha, na hasira pia. Alikuwa ameisubiri sauti ile siku ile kuliko siku nyingine yoyote. Wakati wa pilau kompyuta ilimaliza mambo yake, ikawaka yenyewe kitandani: *Hongera. Kifaa chako kiko salama.* Naila alinyanyua mto akaifunika nao, akaukalia.

Juma lililofuata mzee aliipeleka mashine kwa fundi, akakubali ububu. Farhan, kwa aibu ya siku ile, akamaliza programu ya simu aliyokuwa akiiahirisha, na simu haikuwa na Ngao.

Kule Kerege, Naila alikuwa amekwisha kumuuliza mumewe mara nyingi: baba alikwambia nini?

"Sikuelewa," Mahmoud alikuwa akijibu. "Wallahi sikuelewa. Nilikuwa naitikia tu 'inshallah'."

"Ulikubali kitu usichokijua?"

"Alikuwa amenibana mkono, Naila."

Basi siku baba alipopiga simu kwa mara ya kwanza kuijaribu sauti yake, Naila hakungoja hata salamu ziishe.

"Shikamoo baba. Ulimwambia nini Mahmoud?"

Akasikia vidole vikigonga kioo cha simu, kwa muda mrefu. Akajiandaa.

"Marahaba mwanangu," ikasema sauti ya baba, ile ile ya mnadani. "Hayo ni ya mkwe wangu. Hayakuhusu. Mmekula?"

Na alipomuuliza tena, mzee akakata simu.