Kopo la Maziwa

Harufu ya haradali inayopasuka kwenye mafuta ya moto ilimkurupua Bibi Siew Lan kitandani kama aliyesikia mwizi. Tangu ajengewe nyumba ile mjini Ipoh, Malaysia, haijawahi kunuka hivyo. Na langoni alikuwa ametundika kibao kwa mkono wake mwenyewe: CHUMBA KINAPANGISHWA. WACHINA TU.

Tena mpangaji alimchagua kwa macho yake. Jana alikuja mwanamke wa makamo, mweupe, macho membamba, na Bibi akampa ufunguo bila hata kumuuliza jina. Alipomsemesha Kikantoni, Kichina cha kwao, akajibiwa Kimalei, hakushtuka. Siku hizi watoto wa Kichina wanasoma shule za kila namna.

Alishuka ngazi amefura. Jikoni alimkuta mpangaji anageuza chapati za mchele, asumini kichwani. Mezani palisimamishwa picha ya mama wa Kihindi, mweusi tititi, imevishwa shada la maua.

"Nani huyu?"

"Mama yangu, Anti."

"Yaya wako, sema."

"Yaya gani wa kunikimbiza na mwiko mpaka namaliza chuo? Ni mama. Mimi Letchumi, binti Ponnamah. Wachina walinizaa mwaka wa Chui-milia, mtabiri akasema nitamla baba. Mama akawaambia, basi mleteni kwangu, huku baba keshakufa."

Bibi aliuma mdomo asicheke.

"Kibao hukukiona?"

"Nilikiona. Kilitaka uso, nikauleta."

"Hamna haya nyie! Utahama leo leo. Wahindi wezi wa watoto! Mdogo wangu mlimwiba angali mchanga. Mama alilisema hilo mpaka anaingia kaburini."

"Mwizi mlimwona?"

Bibi alifungua kinywa ajibu, akakumbuka kopo la maziwa. Alikuwa mtoto, anamfuata mama yake katikati ya shamba la miti ya mpira, kopo limemlemea. Mama alimbeba yule mtoto mchanga na furushi la nguo zilizopigwa pasi. Kwenye nyumba za vibarua, mwanamke wa Kihindi alimpokea mtoto kwa mikono miwili. Njiani kurudi mama alilia, kisha akasema mtoto ameibwa, na wewe ukiulizwa useme hivyo. Na Bibi akasema hivyo maisha yake yote.

"Mwizi gani hufungashiwa maziwa?" alinong'ona, akakaa kitini na kulia kwa sauti.

Letchumi alimwekea chapati mbele yake, na Bibi akala huku analia.

"Haina chumvi."

"Subiri machozi yafike, Anti."

Safari hii kicheko kilimshinda. Akajifuta uso kwa kiganja.

"Hekaluni kwenu mnakwenda lini?"

"Ijumaa. Lakini si nahama?"

"Ukihama nani atanipeleka? Nataka kuangalia nyuso. Akipita mwenye pua kama hii yangu, nibinye."

Letchumi aliikagua ile pua, kushoto na kulia.

"Anti, wenye pua hiyo pale ni wengi. Sikupewa mimi peke yangu."

"Basi nitawasalimia wote," alisema Bibi Siew Lan, akasukuma sahani. "Lete nyingine."