Pito la Ng'ombe Chini ya Utumbo

Jina lake la serikalini ni refu, nami sijawahi kulimaliza kulisoma kwenye bango. Sisi tunaokaa chini yake tunaliita Utumbo. Aliyelianzisha jina hilo ni mzee Ngoitiko, siku ile Mhandisi Doreen alipotuletea mchoro wa intachenji kwenye uwanja wa shule. Ngoitiko alizitazama zile barabara zilivyojikunja, moja juu ya nyingine, akasema amechinja mbuzi wengi maishani na huo ni utumbo. Watu wakacheka hadi mwenyekiti wa kijiji akagonga meza. Doreen mwenyewe alicheka.

Mimi naitwa Dorkasi, mama Leonce. Shamba langu la mahindi na maharage liko nje kidogo ya mji wa Karatu, upande wa chini wa barabara, penye bwawa. Ng'ambo, kwenye mteremko unaopanda kuelekea Ngorongoro, ndiko anakokaa Ngoitiko na wanawe. Yeye ni Mmasai, mimi ni Mwiraqw. Babu zetu walichomana mikuki kwa ajili ya ng'ombe, sisi tumebaki kutaniana. Nikishavuna, ng'ombe wake huja kula mabua shambani mwangu na kuniachia mbolea. Kiangazi kikikaza, huvuka barabara kuja kunywa bwawani. Bila bwawa hilo, mwezi wa tisa na wa kumi Ngoitiko hana pa kuwanywesha, na kila mtu wa kwetu analijua hilo.

Niseme haki, mchoro ulikuwa na akili. Barabara ya kutoka Makuyuni, ya kwenda geti la hifadhi, ya Mbulu, na ile ya Mang'ola kunakolimwa vitunguu zilikuwa zinakutana pale pamoja. Malori yalikuwa yakigombania njia na magari ya watalii, na watu tuliwazika. Doreen alisema dawa ni magari yasikutane kabisa. Kila njia ipite juu au chini ya mwenzake, na anayetaka kwenda kulia asikatize mbele ya wengine. Atavuka daraja kwanza, kisha atapinda kushoto, atazunguka kitanzi kizima, ndipo atajikuta anaelekea kulia.

"Nataka kulia, napinda kushoto?" nikamuuliza.

"Ndiyo, mama. Gari halisimami popote."

"Na wa miguu je?"

"Watapita chini, mama. Na mifugo pia. Siwezi kuwasahau mifugo."

Ndipo akamgeukia Ngoitiko. Binti yule ana adabu, sitamsingizia. Alimwamkia kwanza, akainama kidogo, kisha akamuuliza, "Baba, wakati wa kiangazi mnavusha ng'ombe wangapi kwa mara moja? Nikijua, nitajua pito liwe na upana gani."

Ngoitiko akatema mate pembeni, akaiegemea fimbo yake. "Aa, mwanangu. Ving'ombe vichache tu."

Mtu wa kwetu akisikia hivyo anajua maana yake. Mzee kama Ngoitiko hahesabu ng'ombe wake. Kuwahesabu ni kukiita kifo. Jioni husimama mlangoni mwa boma akawatazama wakiingia, na asipomwona mmoja anajua ni yupi, rangi yake, mama yake, na pembe ipi iliyovunjika. Lakini idadi haisemi, hata kwa wanawe. Na kumwambia mgeni kwamba unao wengi ni majivuno, ni kulialika jicho baya lije lilale kwako. Kwa hiyo ni vichache tu. Hata vikifunika mlima, ni vichache tu.

Mimi sina breki mdomoni. Nikasimama katikati ya mkutano nikasema, "Mhandisi, usimsikilize huyu. Ng'ombe wake wakianza kuvuka, nabandika chai, inachemka, tunakunywa, naosha vikombe, na mkia bado uko ng'ambo!"

Watu wakacheka tena, ila Ngoitiko hakucheka. Alinigeukia, na macho yake yalikuwa na woga niliokuwa sijauona kwake. "Mama Leonce, unataka wafe?"

Nikakaa chini.

Doreen akasema kwa upole, "Mama, chai siwezi kuiweka kwenye hesabu. Lazima nichukue neno la mwenye mali." Hakutegemea neno la Ngoitiko peke yake, maana alileta na vijana wa kuhesabu, wakakaa kando ya barabara chini ya mwavuli. Lakini waliletwa mwezi wa nne, mvua inanyesha, majani yamejaa huko juu na ng'ombe hawana shida ya bwawa. Waliowaona ni wale wawili watatu wa maziwa wa jirani yangu Yohani. Kwa hiyo neno la mzee na macho ya vijana vikakubaliana.

Utumbo ukajengwa. Pito nalo likajengwa, na lilipokamilika nilikwenda kulitazama. Lilikuwa kalavati la zege, safi, limenyooka, na refu kwa sababu juu yake zinapita barabara kuu na vitanzi viwili. Katikati yake mchana ulikuwa giza. Ng'ombe mmoja alipita vizuri. Wawili wakienda sambamba, pembe zilikwaruza ukuta. Huku na huku waliweka uzio wa waya mrefu ili mnyama asipande barabarani. Nilimwambia Ngoitiko, "Baba Sairowua, umeona mlango ulioomba?" Akaupima mlango kwa fimbo yake. Sikumtania tena.

Mwaka wa kwanza mvua ilitusitiri. Mwaka wa pili ilikata mapema, na mwezi wa kumi ulipofika mteremko wote ulikuwa vumbi. Ng'ombe walikuwa wamechelewa kushushwa, kwa sababu Ngoitiko alikuwa akiliogopa lile pito na alikuwa akiwanywesha kwenye vidimbwi huko juu mpaka vikabaki tope. Siku aliyowaleta walikuwa hawajanywa tangu juzi yake.

Nilikuwa shambani nalima nikingojea mvua, jua la saa sita liko utosini, nikaisikia kengele. Ni ya Sambu, maksai wa madoa anayetangulia siku zote. Nikaenda kwenye mdomo wa pito upande wangu, nikamwona akitokea gizani, taratibu, na nyuma yake wa pili, na wa tatu. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Kumbe upepo ulikuwa unatoka bwawani. Harufu ya maji ilipita kwenye lile kalavati kama moshi unavyopita kwenye bomba, ikawafikia waliokuwa bado ng'ambo.

Wakasukuma. Nilisikia kabla sijaona, kwato na pembe kwenye zege, na sauti ya ng'ombe wengi wanaolia mahali padogo. Narok, jike jeusi lililozeeka, alijikwaa katikati ya giza na kuanguka. Aliyemfuata akamwangukia, na wa nyuma hawakujua, waliendelea kuja. Sambu aliposikia wenzake wanalia akageuka, hata maji hakuyagusa. Alipoukuta mlango umezibwa na miili akapanda ukingo, akapitia pengo la uzio kwenye ngazi ya mafundi, akaingia barabarani kuwafuata kwa juu.

Sairowua, mwana mkubwa wa Ngoitiko, mtu mzima mwenye watoto, aliingia kalavatini akitambaa juu ya migongo ya ng'ombe ili amwinue Narok. Alitokea upande wangu, shuka limechanika, mkono mmoja unaning'inia. "Mama, haiwezekani," akasema. "Mama, haiwezekani kabisa." Alilia mbele yangu, nami nilikuwa sijawahi kumwona mwanamume wa boma lile akilia.

Nilikimbilia kwa mlinzi wa barabara, nikamwomba aukate uzio. Akasema uzio si wake kuukata. Nilimpigia Doreen. Akapokea, nikamweleza. Alikuwa Dodoma. Alisema atapiga simu kwa wanaohusika, na naamini alipiga. Niliwapigia polisi wa usalama barabarani, wakasema wanakuja. Kila mtu siku ile alikuwa mwema na kila mtu alikuwa mbali.

Wakati huo Ngoitiko, ng'ambo, alikuwa akiwaita ng'ombe warudi nyuma, kila mmoja kwa jina lake. Alipaza sauti mpaka ikakauka. Hawakumsikiliza yeye, walisikiliza kengele. Sambu alikuwa juu yao barabarani, na waliobaki nje ya pito waliuegemea uzio mpaka nguzo zikalala, wakapanda kumfuata.

Basi nikaona mchoro wa Doreen ukifanya kazi yake. Ng'ombe walishika barabara, na barabara ile haina pa kutokea ila pale ilipopangiwa. Walipanda daraja, bwawa likawa mbele yao chini, linang'aa. Wakaharakisha. Barabara ikapinda kushoto, ikawapa maji mgongo. Wakazunguka kitanzi, wakayaona tena, ikawageuza tena. Nilikuwa nimesimama kwenye ukingo wa bwawa langu, nikipunga kanga kama mwendawazimu, nikiita, "Sambu! Huku, Sambu! Huku!" Kana kwamba kulikuwa na njia. Gari moja la watalii lilipunguza mwendo, paa likafunguliwa, wakatoa kamera.

Waliporudi juu ya daraja, lori likatokea kwenye mpindo. Dereva hakuwa mkorofi, alifunga breki na akapiga honi, kama ambavyo ningefanya mimi. Ile honi ndiyo iliyowamaliza. Waliokuwa nyuma walisukuma, na waliokuwa pembeni, kwenye kizuizi cha ukingo wa daraja, walioyaona maji kwa mara ya tatu, waliruka kuyafuata.

Sitaeleza sauti ile. Chini ya daraja ni mawe, bwawa linaanza mbele kidogo.

Polisi walifika jua linaelekea kuzama, wakasimamisha magari. Waliobaki wakashushwa kwa barabara ya Mbulu, wakazungushwa mbali kupitia shamba la Yohani mpaka majini. Ngoitiko alisimama mahali wanapoingilia bwawani akawatazama wakipita, kama anavyofanya mlangoni mwa boma lake. Walipita upesi, hata chai isingewahi kuchemka. Yeye akaendelea kusimama pale, anatazama njia tupu. Nikaenda kusimama kando yake. Nina hasira mpaka leo, na kinachoniumiza ni kwamba sioni wa kumkasirikia.

Doreen alikuja baadaye, uzio ukiwa umeshatengenezwa. Alikuwa amekonda. Alitukuta mimi na Ngoitiko tumekaa kwenye kivuli cha daraja, upande wangu, akapiga magoti kwenye vumbi na suruali yake safi. Alisema amewabana wakubwa wake kazini mpaka wamekubali pito lipanuliwe, liwe pana kiasi cha kupitisha kundi zima na kuingiza mwanga. Ila wanataka idadi. Bila idadi kutoka kwa mwenye ng'ombe, watasema lililopo linatosha.

"Baba," akasema, "safari hii naomba. Niambie, ili wakubwa wangu waelewe. Ng'ombe wako ni wangapi?"

"Mwambie!" nikadakia. "Mzee wangu, mwambie basi, jicho baya limeshakuja na limeshaondoka. Unaogopa nini tena?"

Ngoitiko alizungusha fimbo yake mikononi muda mrefu. Juu yetu magari yalikuwa yakipita bila kusimama, yanapanda, yanapinda, yanakwenda zao.

"Ving'ombe vichache tu, mwanangu," akasema.

Doreen hakuandika. Alinigeukia mimi, akanisubiri. Najua alichokuwa akikisubiri: nisimame kama siku ile uwanjani, nimkanushe mzee, niseme habari ya chai na vikombe, na safari hii angeiandika. Nilifungua mdomo. Lakini ng'ombe wenyewe walikuwa pale nyuma ya Ngoitiko, wamejikusanya kwenye kivuli cha nguzo moja ya daraja, na kivuli kile kiliwatosha wote.

Nikaufunga mdomo wangu.